Ufito wa Mwanzi kwenye Mto Silver

Nina ufito wa mwanzi wenye urefu wa mita tatu, nimeuzungushia rangi nyekundu kila baada ya nusu mita. Wenzangu kazini wanaucheka. Wao wana redio za mawasiliano na ramani kwenye simu, na mmoja amefunga chini ya kayaki yake kifaa cha kupima kina kwa mawimbi ya sauti. Mimi peke yangu ndiye ninayeingia mtoni na fimbo kama mchunga ng'ombe aliyepotea njia.

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwa kayaki kwenye mto Silver, karibu na mji wa Ocala, katikati ya jimbo la Florida, Marekani. Huu ni mwaka wa sita. Nimezaliwa Pangani, na kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa navusha watu kwa mtumbwi kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, pamoja na mjomba wangu. Kwa hiyo maji si mageni kwangu. Mageni kwangu yalikuwa maji unayoweza kuona hadi chini.

Mto wa Pangani ukifika kwetu ni wa kahawia. Hakuna anayechungulia ajue kina. Jicho halina kazi pale. Unashika pondo, unalizamisha, na kiganja ndicho kinachokupa habari. Tope humeza ncha polepole, kisha huibana ukitaka kuivuta. Mchanga hukwaruza. Jiwe hugonga, na mtikisiko unapanda hadi kiwikoni. Juu ya hayo kuna kujaa na kupwa: mahali ulipopita asubuhi bila shida, mchana unakwama. Silver hauna bamvua wala maji mafu. Maji yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi 22 au 23 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe, na mtu aliyezoea bahari huona karibu kama dhihaka jinsi mto huu usivyobadili tabia.

Wiki yangu ya tatu kazini, mgeni mmoja alinasa juu ya gogo. Nikasogea, nikatazama chini, nikaona mchanga mweupe na makombe ya konokono ambayo ningeweza kuyahesabu moja moja. Kiunoni, nikasema moyoni, basi. Nikashuka. Maji yalinipita utosi. Nilipoibuka kofia yangu ilikuwa imeshatangulia mbele na mkondo, na wageni walikuwa wanapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Kuogelea kwenye mto huu ni marufuku, kwa hiyo siku ile nilirudi na nguo mbichi na onyo la maandishi. Usiku nikampigia mjomba. Alicheka hadi akakohoa. Akaniuliza: umepima kwa jicho? Nani alikufundisha hivyo? Siku yangu ya mapumziko nikaenda duka la vifaa vya bustani, nikanunua mwanzi.

Siku ninayotaka kuieleza ni Jumamosi moja ya mwezi Machi. Asubuhi bado kulikuwa na ubaridi, na ukungu ulikuwa unafuka juu ya maji kama mvuke wa chungu, kwa sababu mto ulikuwa na joto kuliko hewa. Wageni walikuwa wanne tu: baba mmoja na mwanawe wa miaka tisa, na bibi mmoja Mmarekani Mweusi, umri umeshapita sabini, aliyekuja na mjukuu wake wa kike. Bibi nilimweka mbele kwenye kayaki ya watu wawili, mimi nikakaa nyuma upande wa tezi. Niliwafunga majaketi okozi, nikawaonyesha jinsi ya kushika kafi la pande mbili: usilikabe kama jembe, mkono mmoja uvute na mwingine usukume, nguvu itoke kiunoni. Aliyezoea kafi la upande mmoja, kama mimi zamani, huteseka hapa wiki nzima kabla mikono haijaelewana.

Ningekuwa na sauti kwenye kampuni yetu, zile kayaki za plastiki angavu, ambazo mtu anaona chini kati ya miguu yake mwenyewe, ningeziuza zote. Ni nzito, zinachoma mapaja jua likipanda, na mgeni anakaa saa tatu akitazama chini, mto wote unampita. Lakini ndizo zinazopendwa kwa picha.

Tulianzia kwenye chemchemi kuu, Mammoth. Wengi hudhani mto huanza kwa kijito kinachokua taratibu. Silver hauanzi hivyo. Unaanza ukiwa mto kamili, kwenye bonde la maji ya buluu, tundu la jiwe likiwa chini karibu mita 9 na maji yakisukumwa juu bila sauti yoyote. Florida imekaa juu ya jiwe la chokaa lenye matundu kama mkate wa kumimina. Mvua inanyesha kwenye mashamba na vijiji vya mbali, inachujika kwenye mchanga, inaingia kwenye matundu hayo, inakaa huko, maji mengine miongo kadhaa, kisha inatafuta pa kutokea.

Yule mtoto alipofika juu ya tundu aliacha kupiga kafi, akashika kingo za kayaki kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameona kivuli cha kayaki yake kule chini, kidogo, kimelala juu ya mchanga, na mwili wake ukaamua kwamba yuko angani. Si mtoto wa kwanza. Nimeona polisi mstaafu mwenye kifua kama pipa akifumba macho mahali pale. Humwambii mtu wa namna hiyo asiogope, unampa kazi. Nikampa ufito.

Hatukuutumia pale, maana mwanzi wangu usingefika hata katikati. Tulishuka kidogo hadi kwenye nyasi za majini, nikamwambia akisie kina kwanza. Akasema mita moja na nusu. Baba yake akasema moja. Mtoto akazamisha: alama ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne ndipo ncha ikagota. Mita mbili. Akautoa, akaukagua kama vile mwanzi ndio uliosema uongo, akauzamisha tena.

Nuru inapotoka majini kuingia hewani hupinda, ndiyo maana kijiko huonekana kimevunjika ndani ya bilauri. Ukitazama moja kwa moja chini, maji ya mita nne yanaonekana kama ya mita tatu. Hilo ni hesabu ya shule. Kinachobaki ni ujanja wa akili yenyewe: ikiona kitu waziwazi, inasema kiko karibu. Kwenye hewa imezoea hivyo. Kwa hiyo maji yanavyozidi kuwa maangavu, ndivyo unavyokosea zaidi, tena kwa kujiamini. Kwenye Pangani sikuwahi kukosea kina kwa kimo cha mtu mzima. Sikuwahi kujiamini hivyo.

Kuna mtu aliyejua kuutumia udhaifu huu kuliko wote, mpiga picha Bruce Mozert, aliyefanya kazi kwenye chemchemi hizi kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa akiwapiga picha wasichana chini ya maji wakifanya mambo ya nchi kavu: wanapika, wanasoma gazeti, wanakata nyasi. Alipotaka jiko la kuchomea nyama litoe moshi, alitumia maziwa ya kopo. Mafuta yake yaliyafanya yapande juu kama moshi wa kweli. Maji ni maangavu kiasi kwamba mtazamaji anasahau kuwa ni maji. Biashara yote ya hapa, tangu boti zenye sakafu ya kioo zilipobuniwa miaka ya 1870, imesimama juu ya usahaulifu huo.

Kiasi cha kilomita moja na nusu kutoka chemchemi, bibi aliinua mkono nisimame. Nikaigeuza kayaki ikabiliane na mkondo. Ukingoni hapakuwa na kitu, miti tu inayofanana na mikoche, vichaka, na ndege mbizi aliyekaa tawini ametandaza mabawa ayakaushe. Nilikuwa najua tupo wapi, ila sikuwa nimemwambia. Alikuwa anapakumbuka.

Pale palikuwa na Paradise Park. Ilifunguliwa tarehe 20 Mei 1949 na wamiliki wale wale wa chemchemi kuu, Carl Ray na William Davidson, kwa ajili ya watu Weusi, kwa sababu juu kule kwenye chemchemi hawakuruhusiwa kuingia kama wageni. Msimamizi wake alikuwa Eddie Vereen. Palikuwa na ufukwe wa kuogelea, ukumbi wa dansi, na boti zake zenyewe zenye sakafu ya kioo. Ikafungwa mwaka 1969. Jambo ambalo mimi lilinichukua muda kulimeza ni kwamba manahodha wengi wa boti za kioo, huko huko juu kwa Wazungu, walikuwa Weusi. Walijua kila tundu la chemchemi kwa jina na waliwasimulia wageni kwa ufasaha uliowafanya wawe maarufu. Jumapili yao na watoto wao waliila huku chini.

Bibi alikuja hapa na basi la kanisa, mwaka 1960 au 1961, hakuwa na hakika. Alichokumbuka ni boti kutoka juu kushuka na kupita mbele ya ufukwe wao, watu wamejaa, wote wameinamia kioo. Hakuna aliyeinua kichwa. Na wao wakipanda boti yao waliinama vile vile, wakatazama samaki wale wale. Alilisema hilo bila uchungu niliousikia, lakini siwezi kuapa. Mimi nilikuwa nyuma yake, naona kofia tu.

Kisha akauomba ufito. Alisema waliruhusiwa kwenda hadi kwenye kamba, na kwenye kamba maji yalimfika mabegani. Tukasogea ukingoni taratibu, akachagua mahali kwa kutazama miti wala si maji, akazamisha. Mita moja. Mtoto wa miaka saba au nane, mabegani, mita moja. Aliutazama ufito kitambo, akanirudishia ukidondoka maji mapajani mwake, akasema tuendelee.

Mbele kidogo ndipo wanapokaa kima. Wageni wote hupiga kelele wakiwaona, na wote wana hadithi moja: kwamba waliachwa hapa na watengeneza filamu za Tarzan. Ni kweli mwigizaji wa Tarzan, Johnny Weissmuller, aliogelea kwenye maji haya na filamu zilipigwa hapa, msitu wa Florida ukajifanya wa kwetu. Lakini kima hawakuletwa na Tarzan. Waliletwa miaka ya 1930 na mwendesha boti za watalii aliyeitwa Colonel Tooey (Colonel ni jina lake, hakuwa kanali wa jeshi lolote), aliyetaka safari yake ya mtoni ifanane na porini. Aliwanunua kima wa rhesus, wanyama wa Asia, akawaweka kisiwani akiamini hawawezi kuogelea. Walijitosa majini na kuvuka. Vizazi vyao vimejaa msituni, baadhi wana virusi vya herpesi B ambavyo kwa binadamu ni hatari kubwa, na tangu 2018 kuwalisha ni kosa kisheria.

Mjukuu wa bibi aliniuliza kama hapa panafanana na Afrika. Naulizwa swali hilo karibu kila wiki. Nilimwambia kima hawa wametoka Asia, Tarzan katoka Hollywood, mimi nimetoka Pangani, na Pangani maji ni ya kahawia.

Aligeta tulihesabu kumi na mmoja. Kwangu mimi niliyekulia kwenye mto wenye mamba, aligeta ni jirani mvivu, ila jirani mvivu naye ana meno, na sharti langu ni umbali wa urefu wa kayaki tatu na hakuna kutupa hata punje ya karanga. Tuliona pia samaki aina ya gar, mdomo mrefu kama wa chuchunge, wamesimama kwenye mkondo bila kutikisa hata pezi. Manatii hatukumwona siku ile. Huyo ni binamu wa nguva, mkia wake mviringo kama kafi wakati wa nguva una panda mbili. Wazee wa kwetu walimjua nguva. Mimi nilisikia habari zake tu, wachache waliobaki Tanzania wakiwa upande wa Rufiji na Mafia. Ilinibidi nipande ndege hadi bara jingine nikamwone wa ukoo wake akitafuna majani chini ya kayaki yangu. Kufika hapa manatii hulazimika kupita kwenye lango la maji la mfereji, kwa sababu ya bwawa la Kirkpatrick lililokamilika mwaka 1968 kwa ajili ya mfereji wa matishari wa kukata Florida katikati, ambao Rais Nixon aliusimamisha mwaka 1971. Mfereji haukumalizika. Bwawa lipo.

Baada ya kona ya tatu, baba wa mtoto alisema jambo ambalo kila mgeni husema: kwamba hajawahi kuona maji safi kama haya. Kwa miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Mtu anayeishi kwa bakshishi hachelewi kujifunza kuitikia. Siku hizi nina utaratibu. Nilichota jani refu la nyasi za majini lililokuwa limekatika linaelea, nikampa. Jani lilitakiwa liwe kama utepe wa kijani. Lilikuwa limevaa soksi. Nikamwambia aliminye kati ya vidole na kuvuta: ukatoka uteleza wa kahawia, mwingi, wa kujaza kiganja, na chini yake ukaonekana utepe wenyewe umepauka.

Ule ni mwani, na chakula chake ni naitreti. Inatoka kwenye mbolea za mashamba na bustani za nyumbani, kwenye makaro ya vyoo, na kwenye samadi ya farasi, maana wilaya hii ni nchi ya farasi wa mbio. Inashuka na mvua, inapita kwenye ule mkate wa chokaa, inatokea hapa. Haina rangi. Haina harufu. Maji yenye naitreti ni maangavu kama yasiyo nayo. Jimbo limeweka kikomo cha miligramu 0.35 kwa lita kwenye chemchemi. Hapa vipimo vimekuwa vikipita miligramu 1. Juu ya hilo maji yenyewe yanayotoka ni machache kuliko ya zama za Mozert, na mkondo ukipungua nguvu, hakuna wa kuusugua mwani majanini.

Yule baba aliuliza kama mbolea anayoweka kwenye nyasi za mbele ya nyumba yake inahesabika. Anaishi umbali wa nusu saa kwa gari kutoka hapa. Nikamwambia inahesabika. Hakupenda. Alijifuta kiganja kwenye kaptula, akapiga kafi akatangulia mbele peke yake, na kwa dakika kumi nikawa nafanya hesabu ya bakshishi niliyoipoteza. Mwisho wa siku alinipa dola ishirini, zile zile ambazo angenipa, nadhani, hata ningenyamaza.

Mto una kilomita nane hivi. Huku chini miti aina ya saipresi imesimama ndani ya maji, imeinua magoti yake pembeni kama mizizi ya mchu inavyochomoza kwenye tope la Pangani. Kisha, ghafla, Silver unaisha. Unaingia kwenye mto Ocklawaha, na pale wageni hunyamaza, maana maji yanakuwa ya rangi ya chai ya mkandaa. Kisa chenyewe kinakaribiana na cha mkandaa: ni maganda na majani ya miti yaliyolowana. Kwa kitambo mito miwili inakwenda bega kwa bega, mmoja wa kioo na mwingine wa chai, na ukisimamisha kayaki vizuri kafi lako linakuwa na ncha moja unayoiona na nyingine iliyopotea.

Mimi hapa huwa napumua. Wageni wanadhani tumefika kwenye uchafu. Mimi nimefika nyumbani. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipokwenda Chemka, wilaya ya Hai, nikaona maji ya buluu yakitoka chini ya mizizi na kuambiwa kwamba yanaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu, na Nyumba ya Mungu ndiko unakotoka mto wetu. Nilimwambia mjomba. Alisema anajua, ila akiwa anavusha watu Bweni, ya Chemka hayamsaidii.

Tuliegesha kando ya mdomo wa mto ili bibi apumzishe mabega kabla ya kuingia kwenye kijimfereji cha kutokea, ambako gari letu lilikuwa linasubiri. Mtoto akanyoosha mkono kuomba ufito. Nikamwambia akisie kwanza, kama alivyokuwa akifanya tangu asubuhi. Kufikia hapo alikuwa amekisia mara tisa, akakosea mara tisa, na kila mara alikuwa amechungulia kwa makini zaidi.

Hakuchungulia. Aliuzamisha ufito moja kwa moja kwenye maji meusi, polepole, uso ameugeuzia upande wa baba yake, akawa anasikiliza kwa mkono. Ulipogota aliutikisa kidogo.

"Tope," akasema.

Ilikuwa tope.